Kabla hujaacha mkate, nenda kapime kwanza

Ndugu Mhariri,

Nimesoma safu yenu ya afya, ile iliyosema kula bila gluteni ni fasheni ya watu wenye hela na muda wa kuchezea. Nikakasirika. Halafu nikairudia nikakuta nusu yake nakubaliana nayo, na hapo ndo nikaudhika zaidi, kwa sababu mwandishi wenu kawatia kapu moja watu wa aina tatu tofauti kabisa, yaani mgonjwa ambaye mkate unamharibu utumbo, mtu ambaye tumbo linamsumbua kweli ila chanzo hakijui, na huyo wa fasheni anayemsema. Huyo wa tatu mwacheni na mambo yake. Mi nataka kuwasemea wa kwanza na wa pili, maana kwenye kikundi chetu cha wagonjwa wa kudumu ndo tuliojaa.

Nijieleze kidogo. Mi ni mgonjwa wa muda mrefu, nilianza na tezi ya thairoidi, ile hali ambayo kinga ya mwili inaigeukia tezi na kuila taratibu, nikawa nameza dawa kila asubuhi, usingizi nalala vizuri tu na bado naamka nimechoka, damu inapungua, napewa vidonge vya madini ya chuma, inapanda kidogo inashuka tena, na mdomoni vidonda haviishi. Tumbo wala halikuwa tatizo kubwa, linajaa gesi basi, na nani hana gesi? Nesi mmoja wa kliniki ndo aliyeuliza swali ambalo madokta wote walikuwa wamelipita, akasema we una ugonjwa wa kinga kujishambulia, damu haipandi hata kwa vidonge, umewahi kupimwa seliaki? Nikamuuliza ndo nini hiyo. Akaniandikia kwenye karatasi, na akaniambia kitu kimoja ambacho nitakirudia huko mbele: usiache kula chochote mpaka upime.

Kwa msomaji asiyejua, gluteni ni protini iliyoko kwenye ngano, shayiri na nafaka ile iitwayo rai, ndo inayofanya unga wa ngano ukikandwa uvutike na mkate uumuke. Kwa watu wengi haina neno. Ila kwa mwenye seliaki kinga ya mwili inaiona adui, na katika kuipiga inaupiga na utumbo mwembamba wenyewe. Ndani ya utumbo kuna vinyuzi vidogo mno vimesimama kama manyoya ya zulia, hivyo ndo vinavyonyonya chakula, sasa kwa mgonjwa vinalala, vinafupika, mwisho panakuwa tambarare, unakula unashiba lakini mwili haupati kitu. Ndo maana chuma kilikuwa hakipandi. Inakadiriwa mtu kama 1 kati ya 100 duniani anayo, na wengi wao hawajui. Ukiwa na kisukari cha aina ya kwanza, au thairoidi kama yangu, au mzazi wako, ndugu yako wa tumbo moja au mwanao akiwa nayo, uwezekano unapanda. Na inakuja na sura nyingi, kuna wa kuharisha, kuna wa kufunga choo, kuna wa upele unaowasha viwikoni na magotini, kuna ambaye dalili pekee ni mifupa kuvunjika kirahisi. Dawa ya hospitali ya kuitibu haipo mpaka leo. Tiba ni chakula, maisha yote, na ni kuacha kabisa.

Hapo ndo nagombana na ile sentensi ya mwandishi wenu kwamba "kidogo hakidhuru". Kidogo kiasi gani? Kuna utafiti wa Italia wa mwaka 2007, waliwapa wagonjwa wa seliaki miligramu 50 za gluteni kila siku kwa miezi 3, na utumbo ukaonesha madhara. Kipande kimoja cha mkate kina kama gramu 2 za gluteni au zaidi, sasa piga hesabu mwenyewe, miligramu 50 ni makombo yale unayoyafuta mezani kwa kiganja. Mtu anakula hivo kila siku bila kuharisha wala kusikia maumivu, anajiona mzima, na huku ndani kazi inaendelea.

Majibu ya damu yalipotoka wakanipeleka kwenye kipimo cha kamera, wakakata vinyama vidogo vya utumbo wakavipima, ikathibitika. Dokta alinipa dakika chache na karatasi moja imeandikwa niepuke ngano. Nikatoka pale nimeishika ile karatasi sijui nianzie wapi. Nesi yule yule ndo akanielekeza kwenye kikundi. Si kikundi cha seliaki peke yake, ni cha wagonjwa wa kudumu wa kila aina, wa seliaki tuko wachache, wengine wana baridi yabisi, wana lupasi, nao ni ugonjwa wa kinga kujishambulia, wana kisukari, wana matumbo ya kusokota yasiyo na jina. Na pale nikakutana na mama mmoja ambaye kwa kweli nikimwita mwalimu sikosei.

Mama huyu alikuja na mfuko umejaa pakti tupu. Supu ya unga, soseji, sosi ya soya, mchanganyiko wa viungo, aiskrimu, yaani takataka za jikoni kwake alikuwa hazitupi, anazikunjua anazinyoosha kwa mkono anaziweka. Akanipa moja akaniambia, "Mwanangu, usisome mbele. Mbele wanauza. Geuza." Nikageuza. "Haya nioneshe gluteni iko wapi." Nikatafuta neno ngano sikuliona, nikamwambia mama hii haina. Akaweka kidole kwenye maandishi madogo yale ya kuvaa miwani, imeandikwa kimea. "Na kimea hiki kinatoka wapi?" Kinatoka kwenye shayiri. Ile ilikuwa pakti ya nafaka za mahindi za kula asubuhi, na mahindi kila mtu anajua hayana gluteni, kumbe wametia kimea kwa ajili ya ladha. Ndo nikaelewa kwamba pakti ikisema haina ngano bado haijasema haina gluteni. Sosi ya soya nyingi inachachushwa na ngano, bia nyingi ni shayiri, soseji nyingine zinajazwa makombo ya mkate, semolina na bulguri na kuskusi zote ni ngano. Oti zenyewe, nafaka ile ya uji, kwa asili hazina shida kwa wengi wetu, lakini zinalimwa na kusagwa jirani na ngano kwa hiyo unanunua zile tu zilizoandikwa hazina gluteni, na hata hizo kuna wachache zinawakataa. Na maandishi hayo yana uzito wake, kwenye kiwango cha kimataifa cha vyakula kiitwacho Codex, Ulaya, na Marekani pia ambako kanuni ilitoka 2013, chakula kinachoitwa hakina gluteni hakitakiwi kuvuka miligramu 20 kwa kilo.

Wiki iliyofuata akaja nyumbani. Hakuuliza jiko liko wapi, alifuata harufu. Akafungua kabati akaanza kutoa vitu mezani, mwiko wa mbao wenye nyufa, chujio la tambi, kibao cha kukatia, tosta. Akaigeuza tosta juu ya gazeti akaigonga matako, makombo yakamwagika hadi nikaona aibu. "Hii mwachie mwenzio. Wewe tafuta yako." Akachukua kopo la siagi akaliinamisha kwenye mwanga wa dirisha, mle ndani kuna vichembe vya mkate, kila aliyepaka mkate wake karudisha kisu. Nilikuwa nanunua vitu vya kwangu kwa uangalifu halafu nachota siagi ile. Akanieleza na habari ya mafuta ya kukaangia, ukikaanga viazi kwenye mafuta yaliyokaanga samaki aliyepakwa unga wa ngano basi viazi vyako havifai tena, na akaniambia unga ukipepetwa vumbi lake linakaa hewani muda na kutua kila mahali, kwa hiyo nyumba ikioka keki mi nisiwe na sufuria iliyo wazi. Hakuna dokta aliyewahi kuniambia habari ya siagi. Siwalaumu, dokta hajaishi na siagi ile.

Hiyo ndo faida ya mgonjwa mwenzio na si kitu cha juzi. Chama cha wagonjwa wa seliaki cha Uingereza kilianzishwa 1968, na mmoja wa waanzilishi wake alikuwa Peter Benenson, yule aliyeanzisha shirika la haki za binadamu la Amnesty International mwaka 1961, mwenyewe alikuwa mgonjwa wa seliaki. Na kule Chuo Kikuu cha Stanford, Kate Lorig na wenzake walitengeneza programu ya wagonjwa wa kudumu ya wiki 6 ambayo wanaoiongoza ni watu wa kawaida, wengi wao wagonjwa wenyewe, ikasambaa nchi nyingi. Kwa hiyo mwandishi wenu anaposema vikundi hivi ni "vijiwe vya kulalamika" naomba aje siku moja akae nyuma asikilize.

Ila akija atasikia na kingine, na hapa ndo ile nusu ninayokubaliana nayo.

Anakuja mgeni kwenye kikundi, anasimama anasema jamani mi tumbo, mi viungo, mi uchovu, sijui nifanye nini. Kabla hajakaa chini watu watatu wameshamjibu: acha gluteni. Mi niliacha nikapona. Dada yangu aliacha akapona. We acha tu utaona. Wanasema kwa upendo kabisa, hakuna anayemuuzia kitu, na kwa sababu ni upendo na ni mtu kama yeye basi maneno yale yanamwingia kuliko karatasi yoyote ya hospitali. Anatoka pale na siku hiyo hiyo kaacha. Na kwa kuacha siku hiyo kajifungia mlango.

Kwa nini? Kwa sababu kipimo cha seliaki hakitafuti gluteni, kinatafuta ule ugomvi wa mwili na gluteni. Damu inapimwa askari wa kinga ambao mwili umewatengeneza, na kamera inaangalia utumbo ulivyoumia. Ukiacha gluteni askari wanapungua, utumbo unaanza kupona, na ukienda kupima baada ya miezi majibu yanaweza kutoka safi kabisa na we unayo. Miongozo ya Uingereza inasema kabla ya kipimo uwe unakula gluteni kwenye zaidi ya mlo mmoja kwa siku kwa angalau wiki 6. Wiki sita za kula kitu kinachokuumiza, na ukiwa umeshaonja nafuu ni adhabu.

Tuna kaka mmoja kwenye kikundi yalimkuta hayo. Aliacha kwa ushauri wa wenzake, kuharisha kukakata, uso ukarudi, akawa ndo shahidi mkubwa kuliko wote. Baadae binti yake akawa haongezeki uzito, dokta wa mtoto akauliza kuna seliaki kwenye familia? Akajibu ndiyo, mimi. Imethibitishwa? Hapo akakosa la kusema. Akapimwa, hamna kitu. Akaambiwa arudie mkate. Siku moja alikuja kwenye kikao na vipande vya mkate kwenye mfuko, wakati wa chai akatoa kimoja akawa anakimega kidogo kidogo anasukumia na maji, macho yanamtoka, anashika tumbo, watu tumenyamaza tunamwangalia, na wengine tuliokuwepo ndo wale waliomwambia acha. Hakumaliza zile wiki. Nani angemlaumu, ana kazi, ana watoto, hawezi kukaa chooni mchana kutwa. Wakampima vinasaba, akakutwa ana kimojawapo cha vile vinavyohusika, DQ2 au DQ8, lakini navyo vinapatikana kwa watu kama 30 hadi 40 katika kila 100 na wengi hawaugui kamwe, kwa hiyo kipimo kile kisipovikuta kinakuambia huna, kikivikuta hakijakuambia unayo. Mpaka leo hajui. Anaishi kama mgonjwa wa seliaki bila kujua kama ni yeye, hafuatiliwi mifupa wala damu maana kwenye faili hayumo, na akialikwa mahali akaulizwa "kidogo je?" hana jibu. Binti yake kwa bahati alikuwa bado anakula kila kitu, akapimwa vizuri.

Mtu atasema si alipona, sasa shida iko wapi? Ndo nataka niwasimulie habari ya ndizi. Miaka ya 1920 kule Marekani dokta wa watoto Sidney Haas alikuwa anawatibu watoto wa seliaki kwa ndizi, mwaka 1924 akaandika matokeo yake, na watoto waliokuwa wanakufa kweli wakawa wanapona. Dunia ikaamini ndizi ni dawa. Kumbe ndizi haikuwa na uganga wowote, kwenye mpango ule mtoto alikuwa anaondolewa mkate na vitu vya unga, na ndizi ilikuwa imekaa tu mahali pa mkate. Nafuu ilikuwa ya kweli ila sababu ilikuwa ya uongo, na kwa sababu sababu ilikuwa ya uongo kuna watoto waliodhaniwa wamepona, wakarudishiwa mkate. Aliyekuja kuunganisha ni Willem-Karel Dicke, dokta wa watoto wa Uholanzi, alikuwa ameshaanza kuishuku ngano tangu miaka ya 1930, halafu vita vikaleta ile njaa ya majira ya baridi ya 1944 kwenda 1945, mkate ukakosekana nchini, watu wazima wanakufa njaa na watoto wake wa seliaki wanapata nafuu, na mkate uliporudi wakarudi kuumwa. Mwaka 1950 akaandika yote kwenye tasnifu yake.

Sasa kwenye kikundi chetu ndizi ziko nyingi. Mtu akiacha gluteni anaacha nini hasa? Anaacha mkate, keki, biskuti, piza, bia, vyakula vya kukaanga vya njiani, anaanza kupika nyumbani, analala na tumbo jepesi, halafu anasema gluteni ndo ilikuwa inaniua. Labda. Kule Australia, Chuo Kikuu cha Monash, walichukua watu 37 wenye matumbo ya kusokota wanaoamini gluteni inawadhuru na hawana seliaki, wakawaondolea kwanza aina fulani za sukari zinazochacha tumboni, wote wakapata nafuu, halafu wakawapa gluteni kwa siri na hawakuona tofauti ya maana kati ya gluteni na chakula kisicho na gluteni, hiyo ilitoka 2013. Norwei nao 2018 wakachukua watu 59 wa namna hiyo hiyo wakawalisha kwa zamu vipande vya nafaka bila wao kujua kipi kina nini, na kilichowasumbua zaidi ilikuwa fruktani, mojawapo ya zile sukari zinazochacha tumboni, siyo gluteni. Fruktani iko kwenye ngano, sawa, lakini iko pia kwenye vitunguu maji na vitunguu saumu!

Tuna dada pale kaacha ngano siku nyingi, kwake hamna hata punje, na bado kila jioni tumbo limeumuka anafungua kifungo cha sketi. Na kila jioni mchuzi wake una vitunguu viwili vikubwa. Alipojaribu kuviondoa, kwa usimamizi wa mtu wa lishe na siyo wetu, akalala vizuri, na siku hizi mkate anaula kidogo bila shida. Huyu alinyimwa mkate bure na wenzake waliompenda.

Na kuna la hatari zaidi nalisema kwa sauti. Wale wenye baridi yabisi, lupasi na magonjwa ya aina hiyo, hakuna ushahidi wa kueleweka kwamba kuacha gluteni kunawaponya kama hawana seliaki. Kujaribu si dhambi, mtu ajaribu, lakini asiguse dawa zake. Tumeona mtu kajisikia vizuri wiki mbili akaweka vidonge pembeni, vidole vikavimba hadi kalamu haishiki. Viungo vikishaliwa havirudi. Hata upande wangu wa thairoidi, nilipoacha gluteni dawa ilihitaji kupimwa upya, kwa sababu utumbo ukipona unanyonya dawa vizuri zaidi na dozi ile ile inaweza kuwa nyingi, sasa hiyo ni kazi ya dokta na maabara, siyo ya kuulizana kwenye viti.

Kingine ni hivi vyakula vya dukani vilivyoandikwa havina gluteni, watu wanadhani ni vya afya. Biskuti ni biskuti. Vingi vina sukari na mafuta zaidi na nyuzinyuzi kidogo, na unga wa ngano mahali pengi unaongezewa chuma na foliki asidi ambavyo unga mbadala mara nyingi hauongezewi, kwa hiyo mtu anatoka kwenye upungufu mmoja anaingia mwingine, na bei yake juu. Mchele, mahindi, mtama, uwele, viazi, muhogo, maharage, mayai, samaki, nyama, matunda, vyote kwa asili havina gluteni, shida ni kinu kilichosaga ngano asubuhi na mtama mchana. Na mgonjwa mpya asishangae maziwa yakimkataa mwanzoni, kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa kinakaa kwenye vile vinyuzi vilivyoumia, vikipona mara nyingi maziwa yanarudi. Kwa watu wazima kupona kwenyewe ni taratibu, inaweza kuchukua miaka.

Baada ya mambo ya yule kaka tulikaa tukazozana sana, wengine walitaka habari za chakula zipigwe marufuku kabisa, nikapinga, maana ukinyamazisha kikundi watu watayasikia kwingine na huko hakuna wa kuwaambia "umepima?" Tukakubaliana mgeni akisema tumbo, swali la kwanza ni hilo, umepima, na ulikuwa bado unakula ngano ulipopima? Kama bado, jibu letu sote ni moja, endelea kula kama ulivyokuwa unakula na nenda kapime wiki hii, na kuna mtu wa kukusindikiza. Anayeshuhudia lazima aseme yeye alithibitishwa au alijaribu tu. Akishapima na akiambiwa aache, hapo ndo tunampa mwenza, mtu mmoja wa kumpigia simu wakati wowote, kwenye njia ya madukani, jikoni, kabla ya sherehe.

Kazi ya mwenza ndo tamu na ndo ngumu. Mi mwenza wangu sasa hivi ni kijana wa chuo, ananipigia anaongea kwa kunong'ona yuko kwenye harusi ya ndugu, shangazi kamwekea sahani na anamtazama. Namwambia mwambie shangazi umeshakula nyumbani, chukua tunda zima lenye ganda, kaa karibu naye umsifie nguo. Anacheka. Mwingine ni mzee wetu Mkatoliki, kilichomuumiza si mkate wa chai, ni hostia, kile kimkate chembamba cha ngano cha komunyo. Mwaka 2017 Vatikani ilitoa waraka ikarudia kwamba hostia isiyo na gluteni kabisa haifai, ila ya gluteni kidogo sana inafaa, mzee wa watu alikuwa ameacha kukomunika kimya kimya hajamwambia mtu. Mwenza wake akaenda naye kwa padri, wakaongea, sasa padri anaagiza za gluteni kidogo na mzee anapewa kwenye chombo chake peke yake. Ukimpelekea dokta swali hilo atabaki anakutazama.

Na mtu akiteleza akala hatumsuti. Ukimsuta atakuficha, na akikuficha utamjua siku ya vipimo.

Kwa hiyo Ndugu Mhariri ninaomba mambo mawili. La kwanza, mkichapa tena habari za gluteni, popote pale kwenye ukurasa, iwe mnasifu au mnakejeli, muweke kwa herufi nene kwamba mtu asiache kabla ya kupima, maana wapo watakaosoma kejeli yenu wakaacha kupima, na wapo watakaosoma sifa wakaacha kula, na wote wawili wanaishia kutojua. La pili ni kwa mfamasia wenu anayejibu maswali ya wasomaji: vidonge vingi vinashikizwa kwa wanga, na kwenye karatasi ya ndani mara nyingi wanaandika wanga tu bila kusema wa mahindi, wa viazi au wa ngano. Sisi wengi wetu tunameza vidonge kila siku ya Mungu. Tumwulize nani, muuza dawa au kiwanda, na tuulize vipi ili tujibiwe? Yule mama wa pakti ameshaanza kukusanya na vikasha vya dawa, anasubiri gazeti.

Msomaji wenu, mgonjwa wa seliaki na thairoidi